Nyumba ya Sentimita Sitini

Mwembe, Kisii
12 Januari 2025

Babu yangu mpendwa,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja. Barua hii uisome peke yako, na ukimaliza uitie mekoni. Usimsomee mtu, hata mzee Ogari, ingawa mmekuwa marafiki tangu ujana. Neno moja tu la humu likimfikia Baba nitafukuzwa kazi, na kufukuzwa kazi silo jambo ninaloliogopa zaidi. Nimetumia wino mzito na herufi kubwa ili lenzi yako isihangaike.

Sasa salamu. Hujambo? Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko Magwagwa? Mimi ni mzima. Ofisi tumeifungua tarehe sita, na Bwana Ochoki amenipa kabati jingine la mafaili nilitunze, kwa hiyo sasa nina funguo nne shingoni, nalia kama mbuzi aliyevishwa kengele. Jirani yangu Firdaus, binti wa mwenye nyumba ninamopanga, yule anayeshona nguo, anakusalimu. Nilipomwambia ulifundisha Kiswahili miaka thelathini na moja alisema basi hatathubutu kukuandikia.

Jambo lenyewe ni hili. Siku mbili baada ya Krismasi, nilipokuletea uji, uliniuliza mle ndani mwa nyumba ya Baba mkoje. Ulikuwa ukitazama kikombe. Nikaanza kukueleza: sebule iko hapa, ngazi inapanda hivi, jikoni ni kule. Ukanisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Mama, maneno yako hayana kuta." Sentensi hiyo imenifuata hadi ofisini.

Najua huwezi kuingia. Nyumba ya Baba iko hatua thelathini kutoka mlangoni pako, lakini chinsoni, zile heshima zetu za tangu zamani, haziruhusu baba akanyage sakafu ya mwanawe aliyeoa. Hilo silihoji. Tena tangu siku ya kuifungua nyumba, miaka mitatu sasa, wewe na Baba mnapishana uani bila salamu. Hilo nalo sitalihoji leo.

Ila nimefikiri kwamba nyumba inaweza kukujia wewe. Ofisi yetu ndiyo iliyoichora. Alhamisi nilitoa faili, nikanakili ramani wakati wengine wamekwenda kula, nikairudisha kabla ya saa nane. Faili la mteja halitolewi bila saini ya Bwana Ochoki. Yeye na Baba walisoma darasa moja, na aliniajiri kwa ombi la Baba. Unaona nilipojiweka.

Nitaijenga ndogo, kila mita iwe sentimita tano. Itakuwa na urefu wa sentimita sitini na upana wa arobaini na tano, itoshe mezani pako kando ya Biblia. Paa litafunuka kama kifuniko cha sufuria, na ghorofa itanyanyuka yote. Utaviona vyumba vyote kabla jicho la kulia halijalifuata la kushoto. Nisamehe kuliandika hivyo. Nilikuwa nimesimama nyuma yako daktari wa kambi ya kanisa aliposema, "Mwaka mmoja, pengine usifike."

Usinipigie simu. Simu yako unaiweka kwa sauti ambayo boma zima husikia. Nami siwezi kuja kulizungumza nyumbani, maana Baba huusoma uso wangu kama tangazo. Jibu mpe jirani yako Edinah akileta ndizi zake kuuza Daraja Mbili, nitalichukua kwake sokoni.

Mjukuu wako,
Cynthia Mong'ina


Magwagwa
29 Januari 2025

Kwa mama yangu Mong'ina,

Nakuita mama kwa haki. Jina la aliyenizaa unalo wewe, na tangu ulipokuwa wa kubebwa mgongoni ulikuwa ukinikaripia kama yeye.

Huku tu wazima. Jua limekuwa kali, majani ya chai yamekuwa magumu na wachumaji wanaondoka saa tano asubuhi. Ng'ombe amezaa ndama dume, hasara tupu. Ogari amepoteza meno mawili ya mbele lakini hajapunguza maneno. Yule mwenye nyumba ya ghorofa hapa uani amepaka geti rangi ya kijani. Barua yako nimeitia mekoni kama ulivyoagiza, ingawa nilisikitika, maana ilikuwa na makosa mawili tu.

Mimi sikukuomba chochote. Mzee akiuliza habari za nyumba ni kama anapouliza habari za mvua, anataka tu kusikia sauti ya mtu. Lakini kama mikono yako inakuwasha, siwezi kuifunga kamba. Na ukiijenga, ijenge sawasawa. Ngazi inaanzia wapi, karibu na mlango au ndani kabisa? Huyo mkwe wangu Roda anapikaje bila moshi kuonekana? Tena Ogari anasema choo kiko juu, kimekaa kichwani pa sebule. Nilimwambia hakuna mtu mwenye akili anayeketi juu ya vichwa vya wageni wake. Tumewekeana mkungu wa ndizi. Nijibu upesi.

Habari za jicho uziache. Daktari anasema kulipasua ni kazi ya saa moja, kisha majuma manne nikae mahali safi pasipo moshi, na mtu anitie dawa ya matone mara nne kwa siku. Nimesema hapana. Sababu ninazo.

Ni mimi,
Alfayo


Mwembe, Kisii
23 Februari 2025

Babu yangu mpendwa,

Heri ya Sabato iliyopita. Nilisikia kwa Edinah kwamba ulisoma somo la wazee mwenyewe, bila kusaidiwa. Yeye alifurahi. Mimi nilijiuliza kama ulilisoma au ulilikariri.

Ogari amekushinda, mpelekee ndizi zake. Choo kiko juu. Nimekichonga kwa jiwe laini la Tabaka, nikakisugua kwa msasa ndani ya maji mpaka kikang'aa. Kina ukubwa wa jino la mahindi ya kuchoma, na kifuniko chake kinafunguka. Masinki pia ni ya jiwe hilo. Mabati nimeyatoa kwenye makopo ya soda, nayakunja juu ya sindano za kufumia hadi yapate migongo. Madirisha ni plastiki ya majalada ya ofisini, yaliyochanika, nisije nikaongeza dhambi. Jiko la gesi ni vifungo vinne vya shati jeusi juu ya kibiriti, ndiyo maana huoni moshi. Televisheni ni kipande cha kioo cha simu iliyokufa. Ngazi inaanzia ndani kabisa, mkabala na mlango, vidato kumi na sita. Nilikata vijiti vya aiskrimu, nikakosea kidato cha tisa, nikabomoa zote, nikaanza tena. Siwezi kuvumilia kukupa ngazi ambayo mtu angejikwaa.

Firdaus alinikuta sakafuni na gundi kwenye nyusi.

"Nyumba ya mwanasesere ya mtoto gani?"

"Ya babu yangu."

Akanitazama. "Ana miaka mingapi?"

"Themanini na mmoja."

"Basi mapazia nitashona mimi," akasema. "Mzee wa miaka themanini na mmoja hawezi kuchezea nyumba isiyo na mapazia."

Ameshona ya rangi ya krimu yenye ukingo wa dhahabu, kama ya Mama kabisa.

Lakini sina raha. Bwana Ochoki ametangaza kwamba mafaili yote yatakaguliwa. Jumanne alisimama mbele ya kabati la tatu, akauliza mbona faili la Gibson, yaani la Baba, limetanguliza mgongo. Nikasema ni vumbi, nililitoa kupangusa. Alisema, "Aha." Babu, hiyo "aha" bado naisikia.

Nina maswali mawili. La kwanza, kwa nini unakataa kupasuliwa jicho? La pili, siku ya kuifungua nyumba mimi nilikuwa jikoni nikipakua. Nilisikia kelele upande wa baraza, nilipotoka nilikukuta umeketi kwenye kiti chini ya ukingo wa paa, mvua inakupiga magotini, na Baba amekupa mgongo. Kulisemwa nini?

Cynthia


Magwagwa
10 Machi 2025

Mama,

Salamu nyingi. Mvua imeanza. Ndama amekuwa mkorofi.

Barua yako niliisoma hadi kwenye mapazia. Baada ya hapo jicho lilipata ukungu na maneno yaliyofuata sikuyaona.

Ilete nyumba.

Alfayo


Mwembe, Kisii
30 Machi 2025

Babu yangu mpendwa,

Natumaini ukungu umepungua.

Edinah ataifikisha kesho ikiwa kwenye katoni ya vitabu, imefunikwa gunia, juu ya mikungu na si chini yake. Nimemwambia ni keki ya kanisa. Alinusa akasema keki ya siku hizi inanuka gundi.

Iweke mezani, mlango wa mbele ukutazame. Shika ncha mbili za paa, inua polepole. Utaona vyumba vya juu. Kisha shika ghorofa kwa vijiti vinne vya pembeni, iweke kando, na hapo hakuna mtu atakayekuwa juu ya kichwa chako unapotazama sebule. Taa ya ndani ni ya tochi, swichi iko nyuma ya tangi la maji. Gusa kila kitu. Nimegundisha kwa nguvu.

Sikuacha chochote, Babu. Picha ya nyanya iko ukutani juu ya televisheni, nimeipunguza hadi ukubwa wa stempu. Chumba chao cha kulala kilinichukua siku sita, kwa sababu kitanda cha Mama kina mbao zilizochongwa maua, na kitambaa cha juu nimekifuma mwenyewe kwa sindano nyembamba, pinki na nyeupe, mito miwili. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Kile chumba cha chini kando ya migomba nimekiwekea magunia madogo ya mbolea, kama kilivyo.

Niandikie siku hiyohiyo tafadhali. Sitafanya kazi vizuri mpaka nijue.

Cynthia


Mwembe, Kisii
27 Aprili 2025

Babu,

Wiki nne zimepita na sijapata neno lako. Edinah nimemwendea siku saba za soko. Kwanza alisema umepokea. Kisha akasema aliona katoni nje, chini ya ukingo wa paa lako, imefunikwa turubai. Juzi amesema hukuonekana kanisani Sabato mbili, unakohoa. Nilipomuuliza nilikosea nini, alicheka akasema, "Mtoto wa shule wewe, kajiulize."

Nimejiuliza. Nimekagua ramani tena kwa rula. Nimefikiria paa lilivuja, ngazi ilivunjika, ulijikata kwa bati. Ofisini nimeandika tarehe ya kesho kwenye hati tatu. Kama ni jicho limezima, mwambie Edinah aniambie. Kama ni Baba ameiona, niambie pia, nijue niende wapi.

Salamu sikuziandika. Nisamehe. Hujambo?

Cynthia


Magwagwa
11 Mei 2025

Mama yangu Mong'ina,

Hatujambo. Kifua kimetulia, Ogari alinichemshia majani yake machungu. Majani ya chai ni mengi kwa mvua hii. Ndama amekula shati langu la Sabato.

Sasa nisikilize. Niliinua paa kama ulivyoniagiza. Kitu cha kwanza kilichokutana na jicho langu kilikuwa kitanda cha mwanangu na mkewe, kimetandikwa, na mito miwili. Ulifikiri nini? Mahali nilipokataa kuingia mbele ya kanisa zima ndipo uliponifikisha ukaniketisha na taa ukaniwashia. Nililifunga paa. Nikaitoa nje, kwa kuwa sikuweza kula nikiwa chumba kimoja na kitanda kile. Siku kumi na moja nilikuwa nikipita nikikipa mgongo kitu cha katoni. Kikohozi kilipokuja nilijua watu watasema ni adhabu ya kuvunja chinsoni, na mimi mzee wa kanisa nikawa nawaza yaleyale.

Silaumu nia yako. Wewe ni mjukuu, unaingia na kutoka, unaona kitanda ni mbao. Ungeniuliza.

Sikuweza kukitoa kwa mkono wangu. Nilimwita Edinah. Alikichomoa kwa vidole viwili akakiinua kwenye mwanga. "Mzee," akasema, "hapa hata panya angelalamika kwa kubanwa." Nikamwambia akiweke kwenye mfuko wake na anyamaze. Alinyamaza hadi getini.

Baada ya hapo niliitazama nyumba siku tatu, mchana, mezani, dirisha likiwa wazi. Nimefungua kifuniko cha choo mara nyingi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Ngazi zako nimezihesabu kwa ukucha, ni kumi na sita. Picha ya nyanya yako sikuiona bali niliigusa. Sikujua kwamba mwanangu ameitundika pale.

Sasa nina swali. Kile chumba ulichokijaza mbolea. Nimekigusa pande zote. Hakina mlango wa kuingilia ndani ya nyumba. Kina mlango wa nje tu, nao hauna kidato, sakafu imeteremka mpaka ardhini, kama imefanyiwa mtu mwenye magoti mabovu. Dirisha ni kubwa na linatazama migomba ya nyanya yako. Mimi nimefundisha watoto hesabu pia. Ni nani aliyewahi kuipa mbolea dirisha kubwa?

Alfayo


Mwembe, Kisii
25 Mei 2025

Babu yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kitanda. Nilipoisoma barua yako nilijifunika uso kwa leso mbele ya watu sokoni. Nilipima kila kitu isipokuwa hicho. Nashukuru kifua kimepona.

Kuhusu chumba. Mimi nilinakili mchoro peke yake, na juu ya chumba hicho muhuri wetu ulikuwa umefunika maandishi. Nilijua kwamba faili lina karatasi nyingine, ile ambayo mteja huandika matakwa yake kabla ya kuchorewa. Sikuwahi kuisoma. Kwa hiyo Jumatano nikalitoa faili tena, nikaikuta. Ni mwandiko wa Baba. Nakuandikia kama ulivyo:

"Chumba cha mzee. Mlango wake ufunguke nje upande wa migomba, usipite kwetu popote. Pasiwe na vidato. Choo na bomba viwe humo humo. Dirisha kubwa, macho yake yanapungua. Ukuta wa sebule uwe mwembamba, asikie sala ya jioni."

Nilikuwa bado nimeishika wakati Bwana Ochoki alipokohoa mlangoni.

"Unaiba nyumba ya baba yako, Cynthia?"

Nilisema kweli yote. Sijui kwa nini. Midomo ilifunguka yenyewe. Nilimweleza habari za sentimita, mapazia, kitanda. Nilipofika kwenye kitanda alikaa chini.

"Gibson alikuja hapa mara nne kwa ajili ya chumba hicho," akasema. "Nilimwambia ukuta mwembamba kiasi hiki haufai, utasikia mzee akikoroma. Akasema ndicho anachotaka."

Nikamwomba asimwambie. Alinipa barua ya onyo na kunivua funguo zote nne. Nitakaa mapokezi. Kisha akasema nina mpaka mwisho wa Juni kumwambia Baba mwenyewe. Nikishindwa, atamwambia yeye.

Babu, yeye alikijenga. Wewe hukuambiwa? Jicho lingepasuliwa kesho. Mahali safi pasipo moshi papo, hatua thelathini kutoka kwako, pamejaa mbolea. Niambie kilichosemwa siku ile. Mara hii usinipe ukungu.

Cynthia


Magwagwa
15 Juni 2025

Mama,

Salamu. Siku hizi naandika kwa kufuata ukingo wa rula, mistari ikipanda mlima uivumilie.

Barua yako sikuitia mekoni. Nimeisoma mpaka karatasi imelainika.

Sikuamini. Nikatoka saa nne asubuhi, yule mwenye nyumba akiwa shambani, nikapita upande wa migomba nikiwa nimeshika ukuta. Mlango upo. Sikuwahi kuufikia karibu. Sakafu inateremka kama ulivyoifanya. Nilibandika uso dirishani nikaona magunia, na nyuma yake bomba.

Basi nitakuambia, halafu usiniulize tena. Siku ile watu walikuwa wamejaa, mchungaji amekwisha kuomba. Mwanangu alinijia barazani akiwa na ufunguo mkononi, akanishika kiwiko, akasema, "Baba, njoo uingie." Mlango wa mbele ulikuwa wazi mbele yetu, na kupitia huo niliona viti, wanawake, na mkwe wangu amesimama. Nikafikiri amesoma mpaka amesahau yeye ni nani. Nikapiga fimbo chini. Nikasema kwa sauti, wazee wote wakisikia, kwamba nimezaa mtu asiyejua aibu, na kwamba heri nilale na ng'ombe. Yeye alikuwa amekwisha kugeukia upande wa migomba. Nakumbuka mguu wake ulikuwa umeelekea huko. Sikuuuliza mguu ule unakwenda wapi.

Akaniachia kiwiko. Akasema, "Basi rudi kwa moshi wako." Wewe ulisikia kelele zangu. Yake yalikuwa maneno ya chini.

Nimemuuliza Ogari, bila kutaja jina la mtu, kama chumba kilicho chini ya paa la mwana chenye mlango wake ni nyumba ya nani. Alicheka kwa pengo lake. "Paa ni la mvua," akasema. "Chinsoni hutazama mlango. Na wewe Alfayo uache kuuliza habari za jirani asiyekuwepo."

Kwa hiyo nimekosa, na nilikosa hadharani. Lakini sijui namna ya kumwendea. Mzee akimwomba mwanawe msamaha anasimama wapi, anaanza na neno gani? Mwambie wewe. Una maneno, na sasa yana kuta.

Jicho la kulia limefanya machweo mapema leo.

Alfayo


Mwembe, Kisii
6 Julai 2025

Babu yangu mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo, nimezoea mapokezi. Firdaus anakusalimu na anauliza kama mapazia yanafungika. Edinah ameniambia kwamba juzi ulimsalimia ukidhani ni Mama. Kwa hiyo barua hii nimeiandika kwa herufi kubwa kuliko zote, maneno machache katika kila karatasi. Ni nzito, lakini haina siri tena.

Nilimwambia Baba tarehe ishirini na nane Juni, jioni, Sabato ilipokwisha, kwa simu, nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nje. Nilisema yote, hata barua zetu.

"Ochoki ana mdomo," akasema.

"Si Bwana Ochoki. Ni mimi, Baba."

"Ulitoa faili?"

"Nilitoa."

"Mara moja?"

"Mara mbili."

"Na kuta ulizipima vizuri?"

"Nilizipima."

"Ule wa sebule ndio mwembamba kuliko zote," akasema, akakata.

Mama anasema kesho yake asubuhi alianza kutoa magunia yeye mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Alisugua sakafu mara mbili. Ametandika kitanda kipya alichonunua Kebirigo. Alipanga na watu wa macho. Siku yako ni tarehe kumi na saba mwezi huu, na matone atakutia yeye, maana Mama haruhusiwi kukugusa uso na mwana anaruhusiwa kumtibu babake. Haya yote nimeyasikia kwa Mama. Yeye mwenyewe hajasema kitu. Mama alipomuuliza kwa nini haendi kukuita, alijibu, "Nilimwita mara moja, mbele ya watu. Mara ya pili aje mwenyewe." Jana aliketi barazani saa nzima akitazama mlango wako, akaingia ndani.

Uliniomba nimwambie kwa niaba yako. Sikumwambia neno la msamaha, Babu. Nililiacha makusudi. Naogopa kwamba tarehe kumi na saba itapita mkiwa mmeketi hivyo, kila mtu barazani kwake. Lakini nimebeba nyumba nzima nikaileta mezani pako. Neno moja siwezi kulibeba, si langu.

Edinah nimemwomba asipokee tena barua kutoka kwa yeyote kati yetu, naye ameapa. Ukinipigia kwa simu yako sitaipokea. Nisamehe. Namna ya kunipata ni hii.

Toka mlangoni pako saa kumi na mbili na robo jioni, mwanga ukiwa bado unakutosha. Pita upande wa migomba, mkono wa kushoto ukiwa ukutani. Utagusa madirisha mawili. Baada ya la pili ardhi itapanda kidogo chini ya miguu yako, hakuna kizingiti. Sukuma mlango, haufungwi siku hizi. Kitanda kiko kulia. Keti.

Utawasikia wakianza wimbo. Subiri sala iishe, kisha gonga ukuta kwa fimbo, mara tatu. Baba huketi upande wa pili, chini ya picha ya nyanya. Anaweza kuchelewa kuitika. Usiondoke. Akiitika, mwambie ulichotaka nimwambie, halafu mwambie ampigie Cynthia. Namba yangu anayo.